Dawa ya Chini

Mama Dirisha alikuwa ametoa dawa kwenye dirisha la kituo kile cha afya kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akitaja kiungo cha mtu kilicho chini ya kitovu. Si kwamba hakuyajua majina. Alifundishwa chuoni, akafaulu, na cheti chake kilitundikwa ukutani watu wakione. Ila foleni ilisongamana mno, na tundu la dirisha lilikuwa dogo kama sahani, hivyo ulilosema lilifika hadi kwenye benchi la wanaosubiri sindano. Basi akajitungia maneno yake. Zile dawa laini kama nta, ambazo mtu huingiza ukeni au kwenye njia ya haja kubwa ziyeyuke humo kwa joto la mwili, yeye aliziita dawa ya chini. Alikuinamia, akashusha sauti, akasema: "Hii unaiweka chini. Usitafune, usimeze. Inayeyuka yenyewe."

Watu walimsifu kwa staha hiyo. Tuseme ukweli, na yeye alijisifu.

Mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa ameharibikiwa mimba mbili. Ya tatu ilipofika wiki ya ishirini na moja, daktari alipima akaona mlango wa kizazi umeanza kufupika kabla ya wakati. Akaandika dawa ya kuushikilia, kidonge kimoja kila jioni. Kueleza hakueleza. Mama mkwe si yuko dirishani? Mtu wa dawa mzima, tena wa nyumbani, ataacha kumwelekeza mwenziwe?

Mama Dirisha alimkabidhi boksi kwa mikono miwili. Lakini mtu na mkwewe kuzungumzia mambo hayo! Uso ulimwaka kwa haya. Akatazama pembeni, akayasema yaleyale ya kila siku, tena mbiombio. Binti naye akatazama pembeni, akaitikia, "Sawa, mama," na wote wawili wakashukuru kwamba limekwisha.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, binti aliona damu, akaja hadi dirishani.

Mama Dirisha alifunga dirisha foleni ikimtazama, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aajiriwe, akamshika mkono mkamwana wake hadi chumba cha daktari. Mimba ya tatu, jamani! Binti akalala kitandani, daktari akavaa glavu huku akiuliza.

"Dawa unatumia kila siku?"

"Sijaruka hata siku moja, daktari."

"Haikusumbui? Wengi wanalalamika inavuja, inachafua nguo."

Binti akakunja uso. "Nguo? Hapana. Inanijaza mate tu. Ina ladha ya mshumaa, lakini nimeshazoea."

Daktari akaacha alichokuwa akifanya. "Ladha?"

"Si ninaiweka chini ya ulimi," binti akasema, kama mtu anayeulizwa jina lake. "Marehemu baba alikuwa na kidonge cha moyo cha namna hiyo. Na mama aliniambia niiweke chini, nisitafune, nisimeze, inayeyuka yenyewe. Si ndivyo, mama?"

Mama Dirisha alimwona akilini mkamwana wake akikaa kila jioni na kinyaa chake, kinywa kimefumbwa, mate yamemjaa, akivumilia kwa ajili ya mtoto. Siku kumi na mbili! Akatafuta kiti kwa kupapasa, akakaa juu ya mkoba wa daktari, wala hakuhisi.

"Mama, ulimwambia nini?" daktari akauliza.

"Nilimwambia chini," akajibu, na kwa mara ya kwanza akalisikia neno lenyewe.

Daktari hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Aliwasha mashine ya picha, akapitisha kifaa tumboni. Moyo wa mtoto ukasikika, mbio mbio. Binti akaanza kulia. Daktari akasema mtoto yupo, lakini mlango umefupika zaidi, hawezi kuahidi kitu. Leo hii analazwa, na dawa inaanza upya, safari hii mahali pake. Akachukua boksi, akampa Mama Dirisha. "Naenda kutafuta kitanda. Mweleze mwenyewe. Vizuri."

Wakabaki wawili. Mama Dirisha akatoa kidonge kimoja, akakiweka kiganjani.

"Mwanangu, hii inaingizwa ukeni," akasema, kwa sauti iliyofika hadi koridoni. "Unanawa mikono, unalala chali, unaisukuma kwa kidole ndani kabisa, unatulia. Ukeni. Nilitakiwa nikwambie hivyo."

Binti alimkodolea macho. "Humo? Mama! Na mimi naila!" Akacheka kidogo, kicheko kikakatika njiani. Akajifuta machozi, akakitazama kile kidonge kwa muda, kisha akamtazama yeye.

"Mama, na wale wengine wa pale dirishani? Unawaambia hivyohivyo?"

Mama Dirisha akamkumbuka mwanamke wa mwezi uliopita, aliyerudisha boksi lililobaki nusu, macho yamevimba, akasema mimba imetoka na dawa haikumsaidia. Yeye alimpa pole, akalipokea lile boksi, akaita anayefuata.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Wote."