Nafasi Moja ya Mwanamke

Hakuna mtu Kyuso aliyemwonea mwenzake gere kwa bidii kama Mutindi alivyomwonea Kanyiva. Na Mutindi hakuwa mtu mbaya, jamani. Aliuza ndengu sokoni bila kuchezea mizani, na Jumapili aliimba kanisani kwa sauti ya kutikisa mabati. Lakini jina la Kanyiva likitajwa tu, kijiba cha roho kilimshika.

Zamani, kabla ya ndoa na magunia, Mutindi alikuwa akichana mistari ya rap. Alichanganya Kikamba, Kiswahili na Sheng katika pumzi moja, na vijana wa kutoka Kyuso hadi Mwingi walimjua. Kila tamasha lilikuwa na wanaume chungu nzima na mwanamke mmoja, na huyo mmoja alikuwa yeye. Jambo hilo halikumkera hata kidogo. Mwanamke mmoja alitosha, mradi awe Mutindi.

Sasa huyo mmoja alikuwa Kanyiva, msichana wa juzi tu. Wateja walimsifu mbele ya Mutindi huku wakichagua ndengu, wakisema chanda chema huvikwa pete. Mutindi alitabasamu, akitamani kuwamwagia debe zima kichwani.

Msimu wa mavuno alienda kununua ndengu nyumbani kwa kina Kanyiva. Aliwakuta wanawake wakipura, fimbo zikishuka kwa zamu, na Kanyiva katikati yao akichana kwa mdundo wa zile fimbo. Alipomwona Mutindi hakunyamaza. Alimwingiza palepale kwenye mistari: kilemba chake, mwendo wake, mnunuzi anayelilia bei ishuke kabla hajaona punje. Vina vilikaa sawasawa. Wanawake walicheka hadi wakaacha kupura. Mutindi naye alicheka, lakini roho ilimuuma, kwa sababu mistari ile ilikuwa mizuri kuliko yote aliyowahi kutunga yeye.

Haikupita wiki, Ndolo akampigia simu. Ndolo ni mtangazaji wa redio, na ndiye aliyekuwa akiandaa tamasha la mwaka huu.

"Sista, wasee wanasema Kanyiva huandikiwa na kaka yake, Mbuvi. Wewe ndiye ulitangulia kwa hii kazi. Niambie ukweli, hizo mistari ni zake?"

Mutindi alikuwa akikaanga vitunguu. Alizima moto. Ukweli aliujua kuliko mtu yeyote, na neno lake moja lingeukata ule uvumi. Lakini aliliona jukwaa, akajiona juu yake, mwili umeongezeka kidogo lakini sauti ingalipo.

"Ndolo, mimi sipendi kusengenya," akasema, na wanaoanza hivyo tunawajua. "Lakini hizo mistari si zake. Kuna mwanaume nyuma."

"Nilijua! Basi nimemtoa."

Mutindi akasubiri jina lake litajwe. Mwishowe ikabidi aulize mwenyewe, akijifanya hana haja.

"Sasa nafasi ya mwanamke utampa nani?"

"Nani tena? Nitaweka Mbaluka, mwanaume anayejiandikia. Kama hata Kanyiva anaandikiwa, basi nyinyi wanawake wote mnaandikiwa. Hata wewe, wakati wako, si tulikuwa tunasema ni Kyule anakuandikia?"

Kyule! Mtu aliyekuwa akimbebea spika, asiyeweza kutunga hata salamu. Mutindi alifungua mdomo abishe. Ndolo akaaga.

Simu ililia tena vitunguu vikiwa vimepoa.

"Anti, wamenitoa kwa shoo," Kanyiva alisema, akilia waziwazi. "Wanasema Mbuvi ananiandikia. Na wewe ulinisikia pale kwetu, hata nilikuchana wewe mwenyewe! Tafadhali ongea na Ndolo. Ni wewe tu ataamini."

Mutindi alijibu kwamba ataongea naye, na kweli akampigia. Sijui kama ilikuwa huruma au ni lile jina la Kyule lililokuwa bado linamchoma. Labda yote mawili.

"Ndolo, nilikudanganya. Mistari ni ya Kanyiva. Nilimsikia akitunga na haya masikio yangu. Na yangu pia ilikuwa yangu, yote, hakuna mtu aliyeniandikia."

Ndolo alicheka sana.

"Sista, sasa hivi umeniambia si zake. Na hii maneno mpya, nani amekuandikia?"

Akakata simu.