Sauti ya Kuvuka Fiherenana

Mahavelo hakuwahi kununua gitaa maishani mwake, na ukimwuliza sababu atakuambia kwamba gitaa la dukani halimjui. Hili lake alilichonga mwenyewe kwa mbao za mkokoteni wa ng'ombe wa marehemu baba yake. Sumaku iliyo chini ya nyuzi aliizungushia waya wa shaba alioutoa kwenye pampu ya maji iliyoungua, na nyuzi mbili kati ya sita ni waya za breki ya baiskeli. Amelipiga miaka ishirini na saba, kwenye mazishi na tohara za bonde zima la Fiherenana, na mikono yake imelizoea kiasi kwamba akishika jembe analishika vibaya. Mkewe, Zafisoa, ndiye asemaye hivyo, na shamba lao linamuunga mkono.

Amplifaya yake nayo haina ukoo wa kujivunia. Ni sanduku lililoundwa na fundi redio mmoja wa mjini Toliara kwa vipande vya redio nne zilizokufa, na halisemi kitu mpaka liunganishwe na honi ya chuma, ya aina ile inayokaa juu ya minara ya misikiti. Honi hiyo Mahavelo huifunga kwa kamba juu ya mkwaju. Jenereta ikiwashwa, gitaa hulia kwa sauti kali yenye mikwaruzo, na kwa watu wa bonde hiyo ndiyo sauti ya gitaa. Nyingine zote ni za redioni.

Basi mama yake alipofariki, akiwa ameshiba miaka, hakuna aliyeuliza nani atapiga. Mganga alitazama mbegu zake za ramli akachagua Alhamisi ya wiki ya tatu, ng'ombe wakaanza kutafutwa, na mjumbe akavuka mto kwenda Antsakoa kumwarifu Remonja, kaka wa marehemu. Kwao mazishi hayaanzi mpaka kaka wa marehemu atoe ng'ombe wa kwanza, naye hamtoi mpaka asikie gitaa. Ndivyo anavyokubali kwamba dada yake sasa aende.

Siku zote kaka huja mwenyewe, akasimama mbele ya wapigaji, akasikia kwa masikio yake. Lakini Remonja nyonga zilishamkatalia. Mjumbe alirudi na maneno machache tu: "Mwambieni mpwa wangu sitakuja. Nitakaa mlangoni kwangu. Apige nisikie."

Mahavelo akatazama ng'ambo, akapima umbali kwa macho. Kutoka kijijini kwake Ankazomena mpaka mlangoni kwa mjomba wake ni mto mzima, ambao kiangazi huwa mchanga mtupu, mpana kiasi kwamba mtu wa ng'ambo anaonekana mdogo kama kijiti. Na masikio ya Remonja yalikuwa ya umri wa Remonja.

Siku mbili kabla ya Alhamisi akaja Volasoa, binti wa pekee wa Mahavelo, anayeshona nguo kiwandani Antananarivo. Alikuwa amesafiri usiku na mchana na sanduku mapajani, akakataa katakata lisifungwe juu ya gari. Ndani yake mlikuwa na amplifaya mpya, nyeusi, yenye vitufe vinavyong'aa na spika yake humo humo.

"Ya bibi," alisema. "Umpigie kwa kitu kizuri, baba."

Alikuwa amejinyima kwa ajili yake, yeyote angeona hivyo kwa viatu alivyovaa. Mahavelo alimshika kichwa kwa mikono miwili kwa furaha.

Jumatano mchana wakaiwasha. Watu wakasogea, wapishi wakaacha masufuria. Mahavelo akapiga mpigo wa kwanza na papo hapo akajua. Amplifaya ile ilikuwa safi mno. Ilisikia kila kitu: kucha inavyokwaruza mbao, waya wa breki unavyogonga shingo, hata pumzi yake. Lile gitaa lililokuwa likiunguruma bonde zima likawa linasema polepole, kwa adabu, huku limevuliwa nguo mbele za watu. Na sumaku yake ya waya wa pampu ilikuwa dhaifu. Lile sanduku la zamani lilikuwa likiisukuma kwa nguvu zote, hili jipya lilikuwa likiisubiri iseme yenyewe.

"Tamu," alisema Mahavelo.

"Tamu sana," wakaitikia watu, kila mmoja akitazama pembeni.

Hapo ndipo alipoingia Ndrema. Ndrema ni mpiga ngoma wake, lakini zaidi ya hapo ni mtani wake, ukoo kwa ukoo, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kusema lolote bila kununiwa.

"Hii inafaa kubembelezea mtoto," alisema. "Mama yako ameshalala, we mla mihogo mibichi. Anayetakiwa kuamshwa ni mjomba wako."

"Nyamaza wewe."

"Ninyamaze vipi? Hicho kitu chako ndicho kimenyamaza. Hata kuku hawajakimbia."

Watu wakacheka, wakaona haya, wakacheka tena. Volasoa hakucheka. Alimtazama baba yake.

"Baba, babu Remonja atasikia?"

"Tutaongeza sauti."

"Sijauliza hivyo."

Mahavelo akajifanya anakaza uzi. Angekubali avunjike mkono kuliko kumwambia binti huyu kwamba zawadi yake haifai. Na angekubali vilevile kuliko kumzika mama yake huku mjomba amekaa mlangoni akisubiri sauti isiyofika. Mambo yote mawili yalikuwa ya kweli, na yeye alikuwa mmoja.

Volasoa akavua kitenge chake cha njano mabegani. "Mimi navuka. Nitakaa na babu. Wewe jaribu hii, kisha ile ya zamani. Akisikia, nitainua kitenge." Alikwisha kuondoka kabla hajajibiwa.

Walimwona akikata mchanga, akipungua, mpaka akafika kwenye nyumba ya Remonja akawa kidoa cha njano mlangoni. Mahavelo akafungua amplifaya mpya mpaka mwisho. Akapiga wimbo ambao mama yake alikuwa akiupenda, akaupiga kwa moyo wake wote. Kidoa hakikusogea. Akaigeuza spika ielekee mto. Akaipandisha juu ya kinu. Akapiga tena mpaka jasho likamwingia machoni. Kidoa kilikuwa pale pale, kimetulia, na yeye alijua binti yake amekaa ametega masikio, akiomba asikie chochote.

"Inatosha, ndugu yangu," alisema Ndrema, na safari hii hakuwa akitania. Akachomoa waya mwenyewe akauchomeka kwenye sanduku kuukuu.

Honi juu ya mkwaju ikakohoa. Mahavelo akapiga.

Kuku wakakimbia. Mbwa wa jirani akaingia chini ya kitanda, na wapishi, bila kuambizana, wakaanza kutikisa mabega. Sauti ile chafu, kali, iliyojaa mikwaruzo ikatoka juu ya mti ikapita juu ya mchanga, na ng'ambo kidoa cha njano kikaruka juu. Kikaruka tena, kikawa kinazungushwa.

Mahavelo alitaka kucheka na kulia, akaona bora aendelee kupiga. Ndipo Ndrema akaacha ngoma.

"Ebu tazama kule."

Ng'ombe alikuwa ametoka kwa Remonja. Fahali mweusi mwenye nundu, mashada ya nyuzi nyekundu pembeni mwa pembe, akisukumwa na vijana wawili kwenye mchanga, na nyuma yao Volasoa akikimbia kwa shida, viatu mkononi.

"Leo Jumatano," alisema Zafisoa, mwiko mkononi. "Mchele wangu haujapepetwa."

Volasoa alifika akihema. "Nilimwambia, baba. Nilimwambia mara tatu kwamba tunajaribu tu, mazishi ni kesho. Akasema dada yake hazikwi kwa majaribio. Amesikia, basi amesikia. Ng'ombe harudi."

Watu wakatazamana. Kisha kutoka upande wa kaskazini zikasikika nyimbo, maana vijiji vingine navyo vilikuwa vimesikia honi, vikadhani siku imewadia, na wageni wa kwanza walikuwa tayari njiani na ng'ombe wao. Zafisoa akamtazama mumewe kwa jicho ambalo angelikumbuka miaka mingi, akageuka, akaanza kupigia kelele wanawake walete ungo. Mganga alikuja mbio, akahesabu vidole, akatangaza kwamba kaburi litabaki la Alhamisi, lakini kucheza hakuna mwenye kukuzuia.

"Baba," alisema Volasoa, "mimi sikusikia kitu. Ile yangu. Nilijitahidi."

"Yako ni nzuri, mwanangu. Gitaa langu ndilo baya."

"Si baya. Limezoea mwenzake." Akajifuta jasho kwa kitenge. "Ile nitampa mama aimbie. Yeye ana sauti ya kusikilizwa karibu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Jioni hiyo Zafisoa aliimba kupitia zawadi ya binti yake, mkono mmoja bado una vumbi la mchele, na kila neno lilisikika safi. Lakini Mahavelo alikuwa akitazama ng'ambo. Mlangoni kwa Remonja palikuwa na kitu cheupe kinachopanda na kushuka, kofia, bila shaka, ya mzee aliyekaa kitini akicheza kwa mabega tu. Mahavelo akapiga mpaka vidole vikapasuka, na kila alipotaka kupumzika alitazama mto, akaona kofia bado haijachoka.