Ruhusa ya Kutembea Tu

Mama yangu hakuwahi kufa bironi. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wa Élisabethville waliwaua mama zao pale, kwenye ofisi ya wazungu ya vibali, wengine zaidi ya mara moja, na siwalaumu. Mtu mweusi hakutoka mjini kwa siku chache bila ruhusa. Ruhusa ilitaka sababu, na sababu waliyoielewa upesi ilikuwa kilio. Mjomba wa mume wangu alikufa kila kiangazi. Mwenyewe alikuwa mzima kule kaskazini, akila bukari yake, ugali wa kwetu, bila kujua kwamba amezikwa tena.

Mimi nilikataa. Kumtangaza mtu mzima kuwa marehemu ni kumwitia kifo, hilo kila mtu wa kwetu analijua. Lakini si hilo tu lililonizuia. Nilikuwa na hasira. Kwa nini furaha yangu ivishwe nguo za msiba ndipo ipite mlangoni? Nilitaka kupanda baiskeli na mume wangu, twende milimani kwa mama, tunywe, tucheke, turudi. Hakuna aliyekufa, na sikuona kwa nini nimtafute wa kufa.

Baiskeli sisi tunaiita kinga. Mume wangu, seremala wa karakana ya reli, alikuwa na yake, na yangu aliiunga mwenyewe kwa vipande vya kinga zilizochoka. Nilijifunzia kwenye uwanja wa mpira kule mtaani kwetu Kenya, kikwembe, kitenge changu, nimekifunga juu ya magoti, na mnyororo ulikitafuna mara nyingi. Wanawake wa mtaa walisimama kunitazama. Walisema kizazi kitashuka. Niliwajibu kwamba kizazi changu kimefungwa vizuri kuliko midomo yao, nikaendelea kuzunguka uwanja mpaka wakachoka wao.

Njia ya kwenda kwa mama ilikuwa barabara ya zamani. Baba yangu ni mmoja wa waliolazimishwa kuichimba kwa jembe, akiwa kijana, chini ya fimbo. Baadaye wazungu walikata nyingine bondeni, iliyonyooka, wakahamisha malori yao yote. Ile ya zamani wakaiacha milimani na majani yakaanza kuila pembeni. Hakukuwa na gari, hakukuwa na vumbi la mtu mwingine, hakukuwa na honi ya kukurusha mtaroni. Nilikuwa nikimwambia mume wangu kwamba hii ndiyo barabara pekee katika Katanga nzima ambayo imekwisha kulipwa, na waliolipa ni sisi.

Na juu kule kulikuwa na mbote. Divai ya wazungu tulikatazwa na sheria. Mume wangu aliijua kwa makasha yaliyoshushwa kwenye gare, stesheni ya reli, akasema inanuka vizuri hata ndani ya ubao. Mbote yetu ni pombe ya asali, na milima ile iliishi kwa asali. Kila kijiji kilikuwa na mizinga yake na kila mtungi ulikuwa na ladha yake. Mama alikuwa akionja kidogo, anafumba macho, anakuambia nyuki walikuwa kwenye mti wa mutondo au wa musamba, na mlima gani. Nilitaka kupita kijiji kwa kijiji nikionja hivyo, polepole, bila kuulizwa na mtu.

Basi tulikwenda bironi. Karani alikuwa mtu wa parokia yetu, mtu mwema. Aliinama juu ya meza akanisemesha chini chini.

“Mama, sema tu mama yako alikufa. Napiga kashe kwa karatasi, unaenda.”

“Mama yangu iko muzima.”

“Najua iko muzima. Akufe kidogo tu, hapa kwa mayi ya wino.”

“Hata kidogo, hapana.”

Mzungu wa biro akasikia. Aliinua kichwa akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kumwagiza mpishi, basi ninaendea nini. Nikamjibu ukweli.

“Naenda kutembea tu.”

Karani akaangalia meza. Wanaume waliosimama nyuma yangu wakakohoa. Mjini kwetu mwanaume akitembea anatembea, lakini mwanamke akisema anakwenda kutembea, hasa akiongeza ile “tu”, watu wanajua ni mwanamke wa namna gani. Mzungu yule hakujua Kiswahili kingi, ila neno hilo alilijua vizuri mno. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza kama nimeandikishwa pamoja na wanawake wa kutembea, maana hao wana kodi yao.

Masikio yaliniwaka moto. Ningeweza kusema nimekosea neno. Ningeweza kumfisha mama papo hapo na kila mtu angepumua. Mume wangu alisogea mbele, kofia mkononi, nikaogopa kwamba ataniombea msamaha.

“Ni bibi yangu,” alisema. “Tunaenda kutembea shiye bawili.”

Nilimpenda siku ile kuliko siku ya ndoa yetu. Mzungu akasema kutembea kwa raha kunaitwa promenade, na promenade si jambo la watu wa cité, mitaa ya weusi. Mimi nikamwambia kwamba madamu wa kizungu wanaotufundisha kushona wanasema familia nzuri inafanya promenade. Kama wao wanadanganya, awaambie, nitaacha kushona.

Alitufukuza. Tukarudi. Alitufukuza tena, na mwisho, sijui kwa kuchoka au kwa kutaka kunitia aibu njia nzima, alimwambia karani aandike sababu ya safari: kutembea. Si promenade. Kutembea, neno lile lile, ili kila atakayeisoma acheke alivyocheka yeye. Kwetu kitu cha mkubwa kinapokewa kwa mikono miwili. Ruhusa ile niliipokea kwa mmoja.

Tuliondoka asubuhi. Kwenye vilima vikali tulishuka na kusukuma, tukitukanana kwa mapenzi, na kwenye mteremko niliachia pedali, miguu nje, nikapiga kelele ambazo mama wa watoto watatu hapaswi kupiga. Tulionja mbote kila watu wa vijijini waliposimama kutusalimu. Ya kijiji kimoja ilikuwa kali, ya kingine ilikuwa tamu ya kudanganya, ukiinuka ndipo unajua umekunywa. Mume wangu alianguka na kinga yake kwenye majani akalala pale akicheka, nikamwacha acheke.

Mama alituona kwa mbali. Alitoka mbio, mikono kichwani, na kabla sijashuka kwenye kinga aliuliza kwa lugha yetu, “Nani amekufa?”

Nikamwambia hakuna. Akauliza tena, akamtazama mume wangu, akataja watoto wangu mmoja mmoja. Hakuamini. Watoto waliohamia mjini walikuja na kilio tu, yeye hakuwahi kuona wengine. Nikamwambia, “Tumekuja kutembea.” Katika lugha yetu neno hilo halina uchafu wowote, ni kumtembelea mtu unayempenda. Alikaa chini palepale kwenye vumbi. Halafu akainuka akaenda kuleta mtungi.

Tulirudi karibu kila mwaka, na kila mwaka nilisema neno lile lile bironi. Mzungu akaondoka, akaja mwingine. Na kila mwaka mama alitoka mbio akiuliza nani amekufa, sasa kwa utani, akicheka kabla hajamaliza swali.

Halafu habari ikaja kutoka milimani. Nilifunga kitambaa cheusi kichwani, nikaenda bironi na mume wangu. Karani alikuwa yule yule. Aliona kitambaa, akajua, akachukua kalamu. Mume wangu alininong’oneza kwamba mara hii ni kweli, niseme tu, si dhambi. Mzungu mpya aliuliza ninaendea nini.

“Kutembea tu,” nilisema.

Karani akaandika nilivyosema. Watu wa biro hawakumpata mama akiwa hai, nami sikuwa tayari kuwapa maiti yake. Nilipanda ile barabara ya baba yangu bila kushuka hata kwenye vilima vikali, mume wangu nyuma. Nilifika uani kwa mama jioni, nikasimama na kinga yangu. Watu walikuwa wengi, na hakuna aliyetoka kuniuliza nani amekufa.