Fungu la Bwana Shamsi

Mzee Kificho wa Bwejuu alikuwa na mbwa watatu, na akiwapenda kuliko mashemeji zake, jambo ambalo hakulificha. Mkubwa wao akiitwa Watasema. Na watu kweli walisema: mtu mzima, mwenye mahali pake safu ya mbele msikitini, anafuga mbwa? Kificho akijibu kwamba mbwa wanalala nje, yeye anajitoharisha, na nguruwe wanaokula muhogo wa hao wasemaji hawafukuzwi kwa maneno.

Alikuwa msasi, mwindaji kama baba yake na babu yake. Wasasi wa Bwejuu huingia uwandani, kwenye kile kichaka cha mawe ambako jembe halishiki, na nyavu na marungu na mbwa wao. Nguruwe huuawa wakaachwa. Paa huchinjwa wakaliwa. Na mgao wa nyama hauchezewi: mwenye mbwa ana mguu wake, mwenye wavu ana wake, na kila aliyesimama paa alipoanguka ana fungu, hata kama alikuwa mpita njia. Fungu lisipomfikia mwenyewe, mbwa huingiwa na nuksi, wakawa wanabwekea vipepeo.

Mwaka wa hamsini na nne ofisi moja ya mjini ikagundua, bila ya kutoka kwenye viti vyake, kwamba uwanda ule hauna watu. Ikamtuma karani wake, Bwana Shamsi wa mtaa wa Malindi hapo mjini, akatangaze kuwa utafungwa na kusasa ni marufuku. Shamsi alifika na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake. Kijijini hakukuta wanaume, akafuata kelele kichakani, na paa akaingia wavuni karibu na viatu vyake. Kificho akachinja. Shamsi, damu kiatuni, akawasomea wasasi wote waliomzunguka kwamba mahali pale hapana watu, na mwenye pingamizi aende kikaoni mjini Jumatatu.

Walimsikiliza kwa adabu. Kisha Kificho akampa bega la paa. Shamsi akalikataa, akaenda zake.

Basi Kificho akawa na mashaka mawili, uwanda na bega. Mungu amsamehe, lililomkosesha usingizi lilikuwa bega. Alilibanika lisiharibike, akalitia kwenye pakacha, na Jumatatu asubuhi akapanda gari la abiria, abiria wenzake wakimsogelea dirishani si kwa mapenzi bali kwa hewa, maana pakacha lilijaza gari harufu ya moshi.

Ofisini tarishi alimzuia mlangoni, akamwambia rushwa hairuhusiwi.

"Rushwa unampa mtu kitu si chake," Kificho akasema. "Hiki chake. Nnamletea mali yake."

Akafukuzwa, akauliza njia mpaka nyumbani kwa Shamsi. Mama mtu, Bi Wanu, akataka kujua jambo moja tu.

"Mwanangu alikuwako paa alipoanguka?"

"Alikuwako, bibi. Almanusura amuangukie."

Bi Wanu akalichukua pakacha, akalipika bega kwa nazi, akamzuia mgeni kwa chakula cha mchana. Shamsi aliporudi akakuta msasi amekaa kwenye mkeka wao. Akamwamkia, maana mama alikuwa akimtazama. Akala, akaongeza, ndipo akauliza nyama gani hii tamu hivi. Alipoambiwa, mkono ukasita juu ya sahani. Kisha akamalizia.

Alasiri, kikaoni, mkubwa wa ofisi akauliza nani wa kushuhudia kwamba uwanda ule una watu wanaoutumia. Kificho akasimama.

"Shahidi wangu huyo hapo nyuma yako. Kala fungu."

Mkubwa akageuka. Shamsi akaitazama kalamu yake, akaitazama ajira yake kwa mbali.

"Naam," akasema. "Nilikuwako. Wapo, na wana taratibu kuliko sisi."

Shauri likaahirishwa, likaahirishwa tena, mpaka ofisi yenyewe ikachoka kuliulizia. Shamsi akahamishiwa chumba kisicho dirisha.

Msako uliofuata alitokea Bwejuu, na kanzu ileile. Alitaraji nyama, Kificho akamtwika wavu. Aliyekula hubeba, huo nao ni utaratibu. Akaubeba kinyumenyume, ukimnasa kila penye kichaka, na kanzu ikaanza kuachia pasi yake. Nyuma yake alifuata Watasema, akimnusa visigino, bila ya kujali kipepeo hata mmoja. Kificho akawatazama wote wawili, akaona ingefaa amtengee Shamsi mguu safari hii, kama mwenye wavu.