Ishbel na Mwaloni wa Macho Mawili

Saa nne asubuhi, mapumziko ya chai. Ishbel Rennie anaegemeza reki kwenye toroli lililojaa majani, anapindua ndoo na kuikalia, kisha anatoa mfukoni mwa koti kikopo chenye vidonge kumi na viwili vya rangi za maji za kuchorea. Ana dakika ishirini.

Analowesha karatasi, anachovya brashi kwenye rangi ya chungwa na kuigusisha kidogo tu. Rangi inatambaa yenyewe.

"Hapa huna amri," anasema bila kuinua macho. "Ukiilazimisha, unapata tope."

Mwaloni ulio mbele yake umegeuka nusu. Upande wa mtoni bado ni kijani, upande wa barabara umeshika rangi ya kutu.

"Dada Ishbel, huo mti unauchora au unauposa?" anapaza sauti Wattie Geddes, mwenzake wa kazi, kutoka kwenye trekta dogo.

"Niupose wa nini? Una mikono mingi na haufanyi kazi, kama wewe!"

Ishbel, mwenye miaka sitini na mmoja, amesafisha bustani hii ya mji wa Aberfeldy, Uskoti, kwa miaka thelathini na miwili. Kikopo cha rangi alikiokota kwenye pipa la taka miaka tisa iliyopita. Tangu hapo, kila majani yanapoanza kupukutika, huchora. Hajauza hata picha moja. Zote ziko ukutani jikoni kwake.

Mumewe, Struan, ni mwoka mikate. "Picha ya kwanza nilimuuliza, mke wangu, hii ni miti au umemwaga maharage?" anakumbuka. "Alininunia siku mbili. Halafu akachora nyingine."

Miaka miwili iliyopita, picha zilianza kuchafuka. Anga likawa rangi ya chai, mto ukawa wa kahawia. Ishbel alidhani rangi zimezeeka, akanunua mpya. Hazikusaidia.

"Struan aliniambia, 'Mbona leo anga ni la buluu nawe umelichora kama supu?' Nikamwambia achunge mikate yake," anasema. Anacheka kidogo. "Nilijua kuna kitu. Niliogopa kuuliza."

Novemba iliyopita alikitupa kikopo. Struan alikiokota kwenye taka za jikoni, akakifuta, na kesho yake akamshika mkono hadi kwa daktari wa macho. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alisubiri miezi kumi kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia.

Siku bandeji ilipotolewa, Septemba hii, alirudi nyumbani akasimama mlangoni akimtazama mumewe.

"Struan, umezeeka lini?"

"Tangu ulipoacha kuniona," mume akamjibu. Wote wawili wakacheka, mmoja wao akaanza kulia, na mpaka leo wanabishana ni nani.

Kisha Ishbel akageukia ukuta wa jikoni. Picha za miaka miwili zilikuwa nyeusi kuliko alivyozijua. Alianza kuzibandua moja moja ili azichome jikoni.

"Nilimzuia," anasema Struan. "Nikamwambia, hukukosea, mama. Ndivyo ulivyokuwa unaona. Unataka kuchoma macho yako?"

Ishbel akazirudisha ukutani.

Sasa, juu ya ndoo yake, Ishbel anafumba jicho la kulia, anatazama mwaloni, anafumbua, kisha anafumba la kushoto. La kulia linaona buluu kwenye vivuli vya majani. La kushoto, ambalo halijatibiwa, bado linaona chai.

Jicho hilo litafanyiwa upasuaji wiki tatu zijazo. Kabla ya hapo ana jambo moja analotaka kulitimiza, naye amekwisha kukunja katikati karatasi kubwa kuliko zote alizowahi kununua. Upande mmoja atauchora mwaloni kwa jicho jipya, upande wa pili kwa jicho la zamani.

"Wakishanitibu, ile miti ya kahawia sitaiona tena maishani," anasema, akifunika kikopo huku Wattie akimpigia honi. "Nimekaa nayo miaka miwili. Nataka niiage vizuri."