Shamba Walilolilamba Ng'ombe

Shamba la bondeni kule Murungu lilinigharimu mbuzi wawili, jembe moja na heshima ya mama mkwe. Mbuzi nilikuja kupata wengine.

Ilikuwa miaka ya sabini, tumeshahamishiwa kijijini. Mimi nimekulia sokoni Kasulu, sinunui kitu kabla sijakikagua mara mbili. Nilikagua mara mbili. Zote mbili nikakuta ng'ombe wa jirani wamejazana pale, vichwa chini, bila mchungaji. Nikasema moyoni: mahali ng'ombe wanapokuja wenyewe pana rutuba, tena samadi ni ya bure. Nikampa mwenye shamba mbuzi wawili, wote wa mke wangu.

Maharage yaliota, yakawa manjano, yakafa. Udongo ukabaki na unga mweupe juu. Mama mkwe, ambaye kwa desturi hasemi nami uso kwa uso, aliuonja, akamgeukia binti yake kwa sauti ya kunifikia.

"Mwulize mumeo. Ng'ombe walifuata chumvi. Yeye alifuata nini?"

Mke wangu hakuuliza. Alisema ananipa msimu mmoja: ama maharage, ama anarudi kwao kuwasubiri mbuzi wake huko.

Bwana shamba alinieleza dawa: chini ya udongo pana tabaka gumu, livunje kwa jembe, chimba mfereji mvua iioshe chumvi, halafu fukia samadi na majani ya migomba. Jembe lilivunjikia kwenye tabaka. Samadi sikuwa nayo. Nikamwendea jirani.

"Wewe lete samadi, ng'ombe wako walambe mpaka mvua."

"Unanilipisha mavi yangu mwenyewe?"

"Nakuuzia chumvi, shemeji. Mavi ni bei."

Akacheka, akaleta. Nikaazima jembe, nikachimba mfereji na kufukia samadi kiangazi chote. Mvua ikaja, mfereji ukapeleka chumvi mtoni, na msimu ule maharage yakasimama. Mke wangu alipika chungu cha kwanza, akala, akanikumbusha kwamba mbuzi wake wangekuwa wameshazaa. Lakini hakufunga mzigo.

Jirani alirudi baada ya mavuno, akakaa mlangoni.

"Shemeji, ng'ombe wamelamba udongo wako, kisha wakanitazama mimi. Umemaliza chumvi. Rudisha samadi yangu."

Mke wangu akampakulia maharage. Alikula, akaomba tena, akasema hayo hayahesabiki.

Hajaacha kudai mpaka leo. Wewe uliyewahi kuamua kesi za namna hii, nishauri: nimrudishie nini, maana samadi yenyewe tulishaila, na yeye alikula sahani mbili?