Bi Hakimu na Wazo Kuu

Kama hamjawahi kumwona mtu akigombana na karatasi, wapwa zangu, bado hamjaona ugomvi. Mtu ukimtukana atajibu, au atalia, au atakurushia kiatu mmalizane. Karatasi inakukodolea macho tu. Na hicho ndicho kilichomtia kichaa Bi Hakimu siku ile, aliposimama nje ya ofisi ya kiwanda cha kushona sare, karatasi ya mtihani mkononi, pua zimemtanuka. Pale juu, kwa wino mwekundu, meneja alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba mtahiniwa hakuelewa kifungu.

"Mimi sikuelewa?" akaiuliza karatasi. "Mimi?"

Jina la Bi Hakimu hakuzaliwa nalo. Alipewa na wenzake wa ukumbi wa cherehani, kwa sababu ugomvi wote wa humo ndani ulimalizikia kwake. Fulani kamfichia fulani mkasi, huyu kaazima bobini ya uzi akairudisha tupu, yule kamsema mwenzake kwa mumewe. Wote walimfuata penye mashine yake ya kola wakati wa mapumziko. Alisikiliza akiwa ameuma sindano mdomoni, kisha akaitoa sindano na kutoa hukumu. Mwenye kosa aliambiwa aombe radhi, na aliomba. Nani angethubutu kukataa? Yule mama alikuwa na sauti ya kukata kitambaa bila mkasi.

Sasa msimamizi wa laini yao, yaani safu yao ya mashine, alikuwa amehama, na kiti chake kilikuwa wazi. Kazi ya msimamizi, mbali na kuhesabu mashati, ni kuwasomea wafanyakazi matangazo ya ofisi. Na ofisi ile, sijui ilizaliwa wapi, haikuandika hata neno "karibu" ila kwa Kiingereza. Kwa hiyo meneja alitaka msimamizi awe mtu anayeweza kusoma kifungu na kueleza kwa sentensi moja wazo lake kuu. Waliojitokeza walikuwa wawili: Bi Hakimu, na kijana mmoja wa kupiga pasi ambaye wenzake walimwita Naam Bosi. Jina lake linajieleza, sitawapotezea muda.

Naam Bosi ndiye aliyekuwa akishikilia kusoma matangazo kwa muda. Na alivyoyasoma! Tangazo lingekuja refu kama mkia wa tausi, yeye akalifupisha: "Ofisi inawasalimu, inasema tuongeze bidii." Mara mbili wanawake walipiga makofi, na mara mbili mwisho wa mwezi waligundua wamelipigia makofi jambo lililowakata mikono. Mjamzito mmoja aliambiwa siku za kwenda kliniki hazilipwi tena. "Lakini tuliambiwa tuongeze bidii!" alilia. Bi Hakimu alikwenda kulitafuta tangazo ubaoni akakuta limeshabanduliwa. Tangu siku hiyo alikuwa na nia moja: kile kiti hatakikalia yule kijana.

Mtihani wa kwanza wote wawili walianguka. Meneja akatangaza wa pili, na wa mwisho.

Basi ikabidi Bi Hakimu ameze kitu kigumu kuliko sindano: amwendee wifi yake. Dada wa mumewe alikuwa mwalimu wa Kiingereza, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na tangu harusi wawili hao waliishi kwa kurushiana vijembe. Hawakuchukiana, msinielewe vibaya. Walikuwa tu hawajawahi kukubaliana, hata kuhusu hali ya hewa.

"Leo jua limechomoza wapi?" wifi akasema, alipomkuta mlangoni. "Hakimu kaja kwa raia!"

"Nikaribishe, wifi, kabla sijabadili nia."

"Ungebadili nia siku ya kuolewa, sasa umechelewa. Ingia."

Wakakaa jikoni, penye meza yenye mguu mmoja mfupi uliotiliwa kipande cha ubao. Wifi akasoma karatasi ya mtihani. Kifungu kilikuwa cha kawaida tu, wala maneno yake hayakumshinda Bi Hakimu. Miaka yote ile ya kusoma lebo na maelezo ya vitambaa, Kiingereza cha kusoma alikuwa nacho. Kilimhusu mtu aliyeazima ngazi ya jirani, ikavunjika, akaenda msituni, akakata mti, akatengeneza ngazi mpya nzuri kuliko ile ya kwanza, akampelekea jirani. Swali: wazo kuu ni lipi?

"Na wewe ukaandika," wifi akasoma, sauti ikimtetemeka kwa kicheko anachokizuia, "'Mwenye ngazi naye ana kosa, kwa nini aliazimisha ngazi mbovu?'"

"Uongo?"

"Wifi!"

"Niambie kama ni uongo! Ngazi nzima haivunjiki kwa mtu mmoja. Alijua mbovu, akamtegea mwenzake, sasa anapata mpya ya bure. Tapeli yule."

Wifi akavua miwani akafuta macho. Alicheka mpaka kile kipande cha ubao kikachomoka chini ya meza, na Bi Hakimu akainuka aondoke.

"Kaa chini! Kaa. Nimekoma."

Hakuwa amekoma. Lakini alitoa kitabu cha mazoezi, wakaanza. Na kila Jumapili mchana ikawa ni yaleyale. Kifungu kinaeleza faida za kulala mapema. Bi Hakimu anaandika kwamba mwandishi hana watoto. Kifungu kinaeleza jinsi nyuki wanavyogawana kazi. Yeye anaandika kwamba malkia anyang'anywe cheo. Kifungu cha binti aliyechelewa shule kwa kumsaidia bibi kizee kuvuka barabara, akaadhibiwa, kisha mwalimu akajua ukweli akamsifu. Hapo ndipo kitabu kiliporuka kutoka mezani hadi kwenye sufuria za wifi.

"Akamsifu!" Bi Hakimu alifoka. "Kumwomba radhi je? Fimbo keshakula, unamsifu? Sifa inaponya matako?"

"Nani kakuita mahakamani?" wifi naye akapandisha. Alikuwa amechoka, na akichoka mwembamba yule alikuwa mkali kama wembe mpya. "Umeulizwa mwandishi anasema nini! Hukuulizwa nani afungwe! Ndiyo maana umeanguka, na utaanguka tena, na yule mpiga pasi atakukalia kichwani mpaka uzeeke!"

Bi Hakimu alikuwa mwekundu wa macho. Lakini alipojibu, sauti ilikuwa chini.

"Nikiandika wanachosema wao tu, bila neno langu, si nimekuwa shahidi wao? Mimi siwezi kutia mkono wangu kwenye upuuzi, wifi. Naam Bosi ndivyo afanyavyo. Anapokea, anameza, anatutapikia."

Wifi akainama, akaokota kitabu kati ya sufuria, akakipangusa. Sasa hapa nampa mwalimu yule sifa yake, ingawa kwa kawaida walimu na mimi hatusifiani.

"Watu wawili wakija na ugomvi wao kwenye mashine yako," akauliza, "unafanya nini kwanza?"

"Namsikiliza mmoja mmoja."

"Kisha?"

"Namrudishia maneno yake. Lazima. Mtu anakuja anaongea mapumziko yote, mara mama mkwe, mara mvua, mara ndoto. Namwambia, 'Yaani wewe unasema huyu kakaa kwenye kiti chako bila ruhusa, sivyo?' Akisema ndiyo, hapo ndipo namgeukia wa pili."

"Unamrudishia maneno mengi?"

"Mengi ya nini? Mawili matatu. Yale ambayo ukiyatoa, hana kesi."

"Na ukishamrudishia, unakuwa umekubaliana naye?"

"Nani, mimi? Mara nyingi ndiye mwongo!"

Wifi akamsogezea kile kitabu, mkono kiunoni, na Bi Hakimu akaanza kuelewa, na kwa jinsi alivyo, kuelewa kulimwongezea hasira.

"Miezi yote hii!" akalipuka. "Hilo tu? Si ungesema!"

"Ungenisikiliza saa ngapi, na wewe ulikuwa unawafunga jela nyuki?"

Siku ya mtihani waliketishwa katika chumba cha kulia chakula, yeye meza hii, Naam Bosi meza ile, meneja katikati na saa yake. Naam Bosi alikuwa amevaa tai. Kupiga pasi alijua, tai ilinyooka kama rula.

Bi Hakimu akageuza karatasi, na alipofika katikati ya kifungu, damu ikampanda. Kilimhusu tajiri wa kiwanda aliyeona wafanyakazi wake wanapoteza dakika nyingi. Akaondoa viti vya kupumzikia. Akaweka mtu mlangoni mwa choo wa kuandika nani kaingia na nani katoka. Wafanyakazi wakanung'unika kidogo, mmoja mzee akaacha kazi, lakini faida ikapanda, na mwaka wa pili tajiri akajenga kiwanda kingine. Mwandishi alikuwa akimsifia. Mwandishi yule, popote alipo, hajawahi kushikwa na haja ndogo kazini.

Mkono wa Bi Hakimu ukaanza kuandika wenyewe. Uliandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya aibu. Akaliona, akatweta. Kule upande wa pili kalamu ya Naam Bosi ilikuwa ikikimbia mbio. Akawaona wanawake wa ukumbini, yule wa kliniki na wengine, wakimpigia makofi yule kijana kwa jambo wasilolijua. Akalikata lile neno kwa mstari mmoja, mzito, uliopasua karatasi hadi kwenye meza.

Haya, tajiri, akasema moyoni. Keti. Wewe unasema nini?

Viti, choo, mzee aliyeacha kazi, kiwanda cha pili: akavitoa kimoja kimoja kama anayefumua mshono, kuona kipi kikitoka kesi yote inaanguka. Kisha akaandika sentensi moja, meno yameumana, herufi zimekanyagwa: mwandishi anasema kwamba kumbana mfanyakazi dakika zake humletea mwenye kiwanda faida. Hakuongeza nukta ya pili. Akaipeleka karatasi kwa meneja akiishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa panya nje.

Alipata. Naam Bosi yeye alikuwa amekinakili kifungu chote tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mwandiko mzuri sana, asije akamwacha bosi yeyote nje.

"Hongera, mama," meneja alimwambia ofisini, akimpa mkono. "Naona sasa unafikiri kama sisi."

Bi Hakimu aliupokea mkono ule, akaurudisha, na njia nzima ya kwenda ukumbini alifuta kiganja chake kwenye aproni. Wanawake walimpokea kwa vigelegele na kugonga mikasi juu ya meza. Yeye hakucheka. "Fanyeni kazi," akawaambia, "nimepewa kiti, sijapewa mbawa."

Wiki haikuisha, tangazo likaja. Karatasi mbili, za kumeremeta. Meneja mwenyewe alilileta, akasimama pembeni, mikono nyuma, kama bwana harusi. Bi Hakimu akaomba muda alisome kwanza. Akalisoma kwa macho, akasimama palepale katikati ya safu za mashine, wote wakimngoja. Aya ya kwanza ilisema kiwanda ni familia moja. Ya pili ilieleza masoko ya dunia, na ugumu wake. Ya tatu ilikuwa ndefu, kuhusu afya, na uchangamfu, na fahari ya kazi, na humo ndani, kati ya fahari na uchangamfu, palikuwa na sentensi moja fupi. Ya nne ilirudi kwenye familia.

"Linasemaje, dada?" akauliza yule wa kliniki, ambaye tumbo sasa lilikuwa limefika kwenye meza ya cherehani.

Akawasomea lote, sentensi kwa sentensi, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, hakuacha hata moja. Familia akaisoma, masoko akayasoma, na ile sentensi fupi ikapita kati ya fahari na uchangamfu bila wengi kuinasa. Wengine walikwishaanza kuinua mikono kupiga makofi. Akainua kiganja wakatulia.

"Hayo ni maneno yao yote, nimewapa kama yalivyo," akasema. "Sasa wazo kuu. Wanasema kuanzia mwezi ujao tutakuja kazini Jumamosi, na Jumamosi hailipwi. Ukilitoa hilo, tangazo hili halina kesi."

Meneja akakohoa, akapiga hatua mbele.

"Mama," akasema, akitabasamu kwa meno ya juu tu, "kazi yako ni kuwasomea. Hakuna aliyekuomba maoni."

Bi Hakimu akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Bado sijatoa maoni, bosi," akasema. "Hilo lilikuwa wazo kuu tu. Maoni yangu ndiyo yanakuja sasa."

Na mashine zilizokuwa bado zinanguruma kule nyuma zikazimwa, moja baada ya nyingine, ili wamsikie vizuri.